Mwalimu wa Chini ya Pevingi

Jambo lote lilinigharimu mistari miwili ya pevingi, bomba zima lisilo na kosa, na heshima yangu mbele ya mama yangu mzazi. Nimehesabu mara mbili. Mara ya pili heshima ilikuwa imepungua zaidi.

Pevingi, kwa asiyezijua, ni yale matofali madogo ya saruji yanayopangwa uani ili watu wasikanyage tope. Sizifyatui, nazitafutia wanunuzi. Mimi ni dalali wa vifaa vya ujenzi hapa Soweto, Mbeya, na mtu akinunua mchanga, kokoto au saruji mtaani kwetu, mara nyingi utanikuta nimesimama katikati ya bei. Mwalimu ndiye mtu pekee aliyewahi kuja kusimama hapohapo katikati, kisha akaniambia mimi ndiye nisogee.

Namwandika sasa kwa sababu mwezi uliopita aliniuliza swali, na mimi mwenye mdomo wa kuuza hata saruji iliyoganda, mpaka leo sijapata jibu. Swali linahusu ukuta wa chumba anacholala, ukuta uliolowa, na kifua chake kinacholipia. Lakini nikianza na ukuta wake kabla yake mwenyewe, mtadhani ni bibi mmoja tu mwenye nyumba mbovu. Huyu ndiye aliyewasumbua mafundi wote wa Soweto kwa ajili ya kuta za watu wengine.

Alikuwa mwalimu wa jiografia mstaafu, jirani yangu wa nyumba ya tatu ukiteremka. Mrefu, mwembamba, sweta la kijivu kiangazi na masika, na viatu vyeusi vya kanisani alivyovaa hata kwenda gengeni. Isipokuwa jioni. Jioni alivivua.

Mbeya mwezi wa Juni, jua likishazama, baridi haipigi hodi. Kila mwenye akili anasogea jikoni. Mwalimu alikuja uani kwangu, akaviweka viatu vyake pembeni, akasimama peku juu ya pevingi, macho kayafumba kama yuko kwenye sala ya kufungia ibada.

"Mwalimu, utaugua."

"Nyamaza, baba Neema. Hili ni joto la saa saba mchana. Ndiyo kwanza linarudi."

Kisha alinilazimisha nami nivue. Tusimame kwanza kwenye nyasi za kando ya uzio, ambazo zilikuwa baridi kama zimetoka mtoni, halafu turudi kwenye pevingi, vuguvugu kama chungu kilichoepuliwa zamani kidogo. Mama yangu alitutazama dirishani, watu wazima wawili tunahamahama peku uani, akafunga pazia kwa kutuonea aibu.

"Jua halipigi jiwe likaishia hapo," Mwalimu alisema. "Linashuka ndani. Ila lina mwendo wa kinyonga. Likija kufika chini kwenye udongo, huku juu watu wameshakula wamelala, na pevingi imeshapoa. Sasa joto la chini linatafuta njia ya kurudi juu kwenye baridi. Na halirudi mikono mitupu. Linabeba maji."

"Maji gani? Hapa mvua tumeisahau."

"Wewe umeisahau. Udongo haujaisahau."

Hicho ndicho kitu cha kwanza kilichonishangaza kwake. Alizisema vibaya pevingi kwa kila mtu, na hakuna aliyezipenda jioni kama yeye. Nilipomwambia, alijibu kwamba hata jiko la mkaa ni zuri, ila halilazwi chumbani na watoto.

Alikuwa na njia yake ya kupima, na ndiyo iliyomponza. Alichukua karatasi ya kaki ya mfuko wa saruji, akakata kipande kama kiganja, akang'oa pevingi moja kwa mpini wa kijiko cha kupakulia, akailaza karatasi juu ya mchanga na kuirudisha pevingi mahali pake. Alfajiri, kabla jua halijagusa ua, anaifuata karatasi yake na kuigusa kwa mgongo wa mkono. Viganja, alisema, vimeshika mambo mengi mno, havisadikiki tena; mgongo wa mkono bado ni mkweli. Karatasi alizianika kwenye kamba ya nguo, kila moja na kibanio chake, kama soksi za watoto wa chekechea.

Sasa fikiria jirani anayeamka mapema kwenda kazini, anamkuta bibi mwenye viatu vya kanisani ameinama kwenye ua wa watu, tena ua wenye msiba, anachomoa kitu chini ya jiwe. Hadi saa nne mtaa mzima ulijua kwamba Mwalimu anafukia vitu. Balozi wetu wa nyumba kumi, mtu mwenye adabu asiyependa kesi zenye harufu ya uganga, akamwita uani kwake. Tulijaa. Mimi nilikwenda kama shahidi, na pia kwa sababu pevingi za ua wenyewe niliziuza mimi.

"Mwalimu," balozi alianza, "shikamoo. Wananchi wanaomba uwaeleze unafukia nini."

"Marahaba. Sifukii. Nafukua."

Watu wakaguna. Akaomba ruhusa, akapiga magoti, akainua pevingi moja katikati ya ua wa balozi. Ilikuwa Septemba, vumbi la barabarani limepauka, majani ya migomba yamejikunja. Chini ya ile pevingi mchanga ulikuwa mweusi, umeshikana kama unga wa ugali ulioanza kukandwa.

"Wali ukikaribia kuiva, unafanyaje?" alimwuliza mke wa balozi.

"Nafunika."

"Mvuke unakwenda wapi?"

"Unagonga mfuniko, unageuka matone."

"Na mfuniko ukikaa vibaya pembeni?"

"Unatokea hapo pembeni."

"Haya. Ua wenu ni sufuria. Mvua inaingia kwenye viungio vya pevingi, kidogokidogo, na nyingine inakuja kwa chini kutoka kwa jirani wa juu. Zamani jua lilikuwa linayanywa haya maji moja kwa moja kwenye udongo. Sasa kuna mfuniko. Mchana joto linayasukuma, jioni mfuniko unapoa, yanapanda kama pumzi, yanagota. Yatatafuta pembeni. Na pembeni ya ua ni nini?"

Wote tukageuza macho kwenye ukuta wa jiko la balozi, ambao ulikuwa na baka la unyevu kubwa kama ramani.

Ningependa niishie hapo, maana watu walipiga makofi. Lakini nahesabu mara mbili. Balozi, kwa furaha ya kupata kesi isiyo na uganga, aliagiza pevingi za kando ya jiko ziinuliwe palepale. Zikainuliwa. Yakaruka maji, yakamlowesha balozi mpaka kifuani. Bomba lilikuwa limepasuka.

Mwalimu aliyatazama. "Hili ni bomba," alisema, kwa sauti ileile aliyofundishia. Kesho yake alirudi na ndoo ya maparachichi na kumwomba balozi radhi mbele ya mkewe. Hakujitetea kwamba somo lake lilikuwa sahihi na ukuta ndio uliokosea. Baadaye nilimchokoza, akanitazama kwa huruma. "Baba Neema, mtu anaweza kuijua njia ya maji na bado akakosea nyumba."

Kosa lile nililihifadhi. Dalali hatupi kitu. Nilijua siku moja litanifaa. Likaja likanimaliza mimi.

Nilikuwa nimetandaza pevingi nyumbani kwangu kwa ajili ya sendofu, sherehe ya kumuaga binti yangu, Neema, kabla ya harusi. Huku kwetu huwezi kuwaalika wakwe kwenye tope. Wataondoka na binti na hadithi. Basi nilipanga kutoka getini mpaka ukutani, zimebana, na chini yake nikatandika nailoni nzito ili magugu yasiote. Wakwe walisifu. Wateja wangu walikuja kutazama. Ua ule ulikuwa bango langu la biashara.

Majira ya baridi yaliyofuata, ukuta wa chumba cha mama ukalowa, kutoka chini hadi usawa wa goti. Rangi ikavimba, ikabanduka kwa vipande. Lipu ikatoa chumvi nyeupe. Kifua cha mama kikaanza kupiga filimbi, na usiku nilimsikia akikohoa kwa kujizuia ili nisisikie. Nikamwambia ahamie chumba cha nyuma.

"Chumba cha nyuma kina dirisha la kutazama nini?" aliuliza. "Choo? Nikihamia huko nani ataona nani ameingia getini na ametoka na nini?"

Mwalimu akaja, akaweka mgongo wa mkono ukutani, juu, kati, chini. "Toa mistari miwili ya pevingi kandokando ya ukuta wote. Na hiyo nailoni ikate hapo."

Mistari miwili ya bango langu la biashara. "Ni bomba, Mwalimu," nikamwambia. "Kama la balozi."

Hakubishana. Alikaa kwenye kigoda, akaomba chai, akatazama. Fundi bomba niliyemwita alichimba kutoka kwenye mita mpaka jikoni, akalifunua bomba lote kama maiti inayotafutiwa ushahidi. Kavu. Akalifuta kwa kitambaa, akatafuta hata tone la kunionea huruma, akakosa. Akauliza kama alifukie.

"Limekufa na nini?" mama akauliza kutoka dirishani.

Mwalimu alikunywa chai yake mpaka mwisho, kwa raha zake, na hilo ndilo lililoniuma. Kisha tukainua mistari miwili. Tulipoivuta nailoni, upande wake wa chini ulikuwa umejaa matone, yananing'inia kama jasho kwenye paji la uso. Udongo ulinuka mvua, na mvua ilikuwa mbali.

"Ukuta utachukua muda wake," Mwalimu alisema. "Umekunywa muda mrefu. Msiupake rangi, msiuharakishe."

Ukaanza kukauka. Lile baka likashuka taratibu, mama akaacha filimbi, akapata nguvu za kunisema. Halafu baada ya wiki kadhaa likaanza kupanda tena. Nilimwita Mwalimu nikiwa na furaha kidogo ambayo si ya Kikristo. Akaja, akagusa, akakunja uso, akatoka nje kuzunguka ukuta. Mimi nyuma yake.

Mahali pale tulipofungua, mama alikuwa amepanda mchicha, figiri na vitunguu, mstari umenyooka kama jeshi, na beseni la maji liko kando. Alikuwa anamwagilia kila jioni wakati mimi niko kwenye bei za watu.

"Bibi Neema!" Mwalimu alipaza sauti, sijawahi kumsikia tena akipaza. "Tumeyafungulia maji mlango yatoke, wewe unayakaribisha ndani na sahani!"

"Sasa mmefungua udongo mzuri hivi mkauacha wazi," mama akajibu, hana hata wasiwasi. "Mtu akipita ataona nyumba hii ina wavivu. Mwalimu, kwenu Iringa mnaacha udongo utupu?"

Hapo alimpata Mwalimu. Maana ni kweli. Nyanda hizi, kuanzia kwetu mpaka kwao, ukimwonyesha mama wa makamo udongo mtupu wenye upana wa unyayo, kesho utakuta mche. Si ukaidi, mkono unakwenda wenyewe. Mwalimu alikuwa anajua njia zote za maji chini ya ardhi na hakuwa amehesabu mkono wa mama yangu.

Nikawapatanisha, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Mama alitaka mboga, Mwalimu alitaka udongo wazi. Tukamwaga kokoto kwenye nafasi ile, na mboga zikahamia kwenye makopo ya rangi upande wa pili wa ua, mbali na ukuta. Mama alidai makopo mawili zaidi ya yale tuliyokubaliana, akayapata. Ukuta ukakauka, na mpaka leo umekauka.

Baada ya hapo Mwalimu aliniingilia kwenye biashara waziwazi. Mteja akija kuniuliza bei, yeye anapita na mfuko wake wa gengeni, anasimama. "Usisahau kuacha nafasi kando ya ukuta," anamwambia mteja, anaendelea na safari. Nyumba ina kuta nne. Piga hesabu ya mistari miwili kila ukuta.

"Mwalimu, unanipunguzia mkate."

"Nakupunguzia laana."

Kumbe hakunipunguzia. Watu walianza kumtafuta yule dalali anayeacha nafasi, na nafasi haikai tupu: inataka kokoto, na kokoto nauza mimi. Alipogundua kwamba somo lake limegeuka faida yangu, alinisimamisha mbele ya kanisa, watu wanatoka ibadani, akadai fungu lake. Nusu gari la kokoto, zimwagwe kwenye njia ya shule ambapo watoto huteleza. Nilijaribu robo. Nusu ikamwagwa.

Na sasa niseme lile ambalo sikuwahi kulielewa kwake. Kwake mwenyewe hapakuwa na pevingi hata moja. Hata jiwe la kukanyagia. Udongo mtupu, umefagiliwa kwa mistari ya ufagio, ambao masika uligeuka sabuni. Tulimsihi. Nilimpa bei ambayo sijawahi kumpa ndugu. "Njia ya miguu tu, Mwalimu, kutoka mlangoni mpaka getini. Acha nafasi kila upande unavyotaka."

"Hapa udongo upumue," alijibu. "Mimi nitatembea polepole."

Alikuwa anawaambia wengine waache mistari miwili, lakini kwake aliacha yote. Nadhani alihitaji mahali pamoja mtaani pa kulinganishia, kama vile darasani kulivyokuwa na kopo moja lisilowekwa mbegu. Au alikuwa mbishi tu. Masika moja alitoka asubuhi kwenda kanisani, na vile viatu vyake vyeusi havikupata cha kushika. Akaanguka, akavunjika nyonga.

Mwanawe wa pekee, ambaye ana nyumba Kihesa, Iringa, alimfuata hospitali na hakumrudisha Soweto. Niliwasaidia kufunga mizigo. Kijiko cha kupakulia kilifungwa kwenye khanga pamoja na Biblia na kitabu cha nyimbo.

Mwezi uliopita nilikwenda upande wa Mgololo kuulizia mbao, na badala ya kugeuza gari kurudi Mbeya nikaendelea mpaka Iringa. Mwanawe alinipokea getini. Ni mtu mzima mwenye watoto, lakini furaha yake siku ile ilikuwa ya mtoto aliyepata alama nzuri.

"Shikamoo, anko! Karibu sana. Wewe ni mtu wa mambo haya, hebu tazama kazi."

Nikatazama. Pevingi nyekundu na kijivu, zimepangwa kwa maua, kutoka getini mpaka mlangoni, mpaka ukutani, mpaka chini ya madirisha. Kazi safi. Nilizihesabu kwa macho, kisha nikahesabu nilichokuwa nakitafuta, nikapata sifuri.

"Nilimwambia fundi asiache hata mahali pa kuchomeka mwavuli," alisema. "Siku niliyompokea mama hospitali niliapa. Hatakanyaga tope tena maisha yake. Ngoja nikatafute soda, anko, mama yuko chumbani."

Mwalimu alikuwa amekaa kitandani, fimbo kando, sweta lilelile. "Kamwene," alinisalimia kwa kwao, na nikaitika. Kisha akakohoa, na kile kikohozi nilikijua. Nilikuwa nimekisikiliza nyumbani kwangu majira yote ya baridi. Nikatazama ukuta wa upande wa ua. Palikuwa na kabati la nguo limesukumwa pale ambapo hakuna mtu mwenye akili angeweka kabati, limeziba nusu ya dirisha.

Nikachungulia nyuma yake. Rangi imevimba. Chumvi. Baka limefika usawa wa goti na limelipita.

"Mwanao anajua?"

"Hajui, na usithubutu."

"Mwalimu, wewe uliwaambia Soweto nzima. Uliwaambia watu kwenye msiba. Ulimwambia balozi mbele ya mkewe."

"Wale hawakunitandikia mimi." Alivuta khanga miguuni. "Kila mgeni akija anamwonyesha hizo pevingi. Usiku akisikia mvua anakuja mlangoni ananiambia, mama, sikiliza, hakuna tope. Nimwambie nini? Kwamba alichonipa ndicho kinachonikohoza?"

Nilikaa kwenye kiti. Nikafanya ninachojua kufanya. "Mwalimu, sokoni hatuanzi na kile tunachotaka. Usimwambie habari ya ukuta. Mwombe mistari miwili ya kupanda mboga. Mtoto gani wa huku atamnyima mama yake tuta la mboga? Pevingi atazing'oa mwenyewe kesho asubuhi."

Akacheka mpaka kikohozi kikamkamata. "Mboga! Bibi Neema akisikia haya." Kisha akatulia. Akanyoosha mkono nyuma ya kabati, akaweka mgongo wa mkono ukutani, akauacha pale kwa muda, kama alivyokuwa akifanya kwenye kuta za watu.

"Nikiomba bustani nisipande, atauliza kulikoni," alisema. "Nikipanda nisimwagilie, atadhani ni nyonga inanizuia. Atamwagilia yeye. Kila jioni, kwa mpira, tena kwa furaha."

Geti likalia. Tukasikia chupa za soda zikigongana uani, na viatu vya mwanawe vikija juu ya pevingi, vikavu, bila haraka. Mwalimu alitoa mkono ukutani, akaufuta kwenye khanga, akainama kuelekea kwangu.

"Upesi, baba Neema. Wewe umezunguka masoko yote kuanzia Mbeya mpaka hapa. Niambie, ni mboga gani inayoota bila maji?"